Mashine ya Mwanga Juu ya Magunia ya Maharage

Kadi mliyonipa siku ya kuniaga imeandikwa kwamba nimelitumikia taifa kwa moyo. Asanteni, lakini mmetia chumvi. Mimi nilitumikia chumba kimoja, chenye meza sita za saruji, madirisha manne na bomba lisilofunga vizuri, katika sekondari moja hapa mjini Babati, kwa miaka thelathini na kitu. Taifa nilikuwa nalisikia redioni. Nawaandikia ninyi mafundi sanifu wa maabara mnaobaki, hasa vijana mnaoniita Bibi mkidhani sisikii. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na mishahara mnaijua. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na jinsi tulivyotengeneza ile mashine ya mwanga iliyonigombanisha na jiko.

Siku yangu ya kwanza kazini nililetewa mkojo. Mama mmoja kutoka Sigino alisikia kwamba sekondari imepata mtu wa maabara, akaja na kichupa alichokifunga kwa kitambaa, akakiweka mezani kwa adabu zote na kuniambia mtoto anachemka tangu juzi. Nilimweleza kwamba hii ni maabara ya fizikia, hapa tunapima uzito wa vipande vya chuma. Alinitazama kwa huruma. "Haya mwanangu," akasema, "pima hata huo uzito." Nikampeleka zahanati mwenyewe, kwa miguu, na niliporudi nilikuta barua ya kunitaka nijieleze kwa nini sikuonekana kazini siku ya kwanza.

Aliyenisaidia kuijibu barua hiyo ni Mzee Tarmo, fundi sanifu niliyemkuta, Mmbulu mrefu aliyevaa koti moja la buluu mpaka likawa jeupe. Alikuwa na bisibisi, tupa na pimamaji la mbao, na kwa vitu hivyo vitatu alitengeneza kila kilichoharibika pale shuleni, pamoja na kengele ya kanisa la jirani. Alinifundisha kwanza kusubiri. Aliweka mizani mezani, akakunja mikono, akasema, "Mama, iache ichoke kucheza. Na kabla hujasoma namba, hakikisha si wewe unayeitikisa." La pili lilikuwa kwamba jiko haliazimishwi kitu. Kipimajoto kilichowahi kuingia kwenye uji, alisema, hakirudi na akili zake. Alistaafu akarudi Dareda kulima, akaniachia pimamaji lile.

Miaka mingi baadaye alikuja Mwalimu Sulle kufundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Kijana mpole, mashati yamepigwa pasi, vidole vimejaa chaki. Siku moja baada ya kipindi aliingia maabara, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Mama Happy, naomba nikuambie jambo. Usimwambie mtu."

Nilidhani anataka kuoa na anatafuta mshenga.

"Sijawahi kuiona," akasema.

"Kuona nini, Mwalimu?"

"Ile mistari. Intafirensi. Huu mwaka wa saba nafundisha. Nachora ubaoni mstari mweupe, mstari mweusi, mweupe, mweusi. Wanafunzi wanaandika, wanafaulu. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona kwa macho yangu."

Kwa msiofika huko: ukiugawa mwanga wa leza mara mbili, ukapeleka kila nusu kwenye kioo chake, kisha ukazikutanisha tena ukutani, hupati tu mwanga mkali zaidi. Mahali pengine nusu hizo zinasaidiana, mahali pengine zinauana, na ukutani inatokea mistari ya mwanga na giza. Kioo kimoja kikisogea hata kwa sehemu ndogo sana ya unene wa unywele, mistari yote inahama. Kifaa chenyewe kinaitwa intaferometa. Cha dukani hatukuwa nacho, wala hakukuwa na dalili ya kuletewa.

Tungeweza kuishi hivyo hivyo, kama walivyoishi wengine, ila majira yale yale Mkuu wa shule alikuja maabara na futi kamba. Madam Basilisa ni mama wa sala na wa vipimo. Wazazi walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya mavuno kila mmoja alete mahindi na maharage ili watoto wapate chakula cha mchana, jambo zuri ambalo hata mimi nililinyooshea mkono kikaoni. Stoo haikuwepo. Alipima urefu wa chumba changu, akapima upana, akatazama kabati.

"Mama Happy, humu kuna nini hasa ambacho hakiwezi kufanyika nje kwenye kivuli?"

Nilimwonyesha mizani, springi, na vipande vyangu vya chuma. Alikuwa mkweli. Alisema afisa wa elimu atakuja baada ya mavuno, na yeye ndiye atakayeamua kama chumba kibaki maabara au kiwe stoo. Kikiwa stoo, mimi ningekabidhiwa daftari la magunia mpaka siku ya kustaafu. "Mwonyeshe kitu kinachofanya kazi," akasema, "kitu cha kumfanya asimame aangalie." Aliondoka, nami nikakaa kwenye stuli na kulia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha nikamwita Mwalimu Sulle, nikamwambia tunaijenga hiyo mistari yake.

Leza tulinunua mnadani, kwenye turubai la mtu anayeuza tochi, nyembe na sumu ya panya. Alituambia ni ya kuchezea paka. Tulichukua tano, na kati ya hizo moja tu ndiyo ilikuwa na nidhamu. Jueni kwamba leza ya mnadani ikiwashwa hubadilika badilika mpaka ipate joto lake, kwa hiyo iwashe uiache dakika kumi kabla ya kuilaumu. Msiiangalie kwa jicho hata kwa sekunde moja, na mwanafunzi atakayemmulika mwenzake usoni atoke nje.

Vioo vilitutesa. Kioo cha kinyozi kina rangi ya fedha kwa nyuma, hivyo mwanga unarudi mara mbili, mara kwenye uso wa mbele na mara kwenye fedha yenyewe, na ukutani unapata vivuli vya vivuli. Unahitaji kitu kinachong'aa kwa uso wa mbele. Tulikipata ndani ya kompyuta za ofisini zilizokufa, maana mle kuna sahani ndogo ya kuhifadhi kumbukumbu inayong'aa kuliko kioo chochote cha Babati. Msiikate. Ya kwanza tulidhani ni bati, tukaibana kwenye jiliwa, tukaipitishia msumeno, kumbe ni kioo, ikawa unga. Mbili zilizofuata tulizitumia nzima, kila moja imegundishwa kwenye kibao chenye skrubu tatu za cherehani za kuigeuza kidogo kidogo.

Kioo cha kugawa mwanga, kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, tulikipaka fedha wenyewe kwa naitreti ya fedha, amonia na glukosi. Glukosi haikuwepo kabatini. Nilijua ilikokwenda, maana Baba Joshua mpishi alikuwa anakunywa chai tamu kuliko walimu. Nilitumia asali ya Mbulu, ikafanya kazi vizuri tu. Kioo kikikaa kwenye dawa sekunde chache mno hakigawi kitu. Ukikizidishia kinakuwa cha kujitazamia. Tuliharibu kumi na moja, na bweni la wasichana likapata vioo kumi na moja. Cha kumi na mbili kilitoka na rangi ya chai ya rangi, na ndicho. Vaeni miwani ya kinga, na dawa inayobaki imwageni siku hiyo hiyo kwa maji mengi, kwa sababu ikilala inaweza kulipuka, na sitaki mtu aseme alifundishwa na mimi.

Vyote tulivifunga juu ya bamba la zege tulilomimina wenyewe, zito la kubebwa na watu wanne, tukaliweka mezani juu ya tyubu za toroli zilizojazwa upepo kidogo. Kazi inayofuata ni ya uvumilivu: ukutani kuna madoa mawili mekundu, unageuza skrubu mpaka yawe doa moja, kisha unaweka mbele yake lenzi ndogo iliyotoka kwenye deki mbovu ili doa litanuke. Lilitanuka. Tukaona wekundu unaotetemeka, basi.

Ndipo nilipojua kwamba Babati haitulii. Malori ya barabara ya Singida yalionekana ukutani kabla hatujayasikia. Ukuta wetu ulikuwa mmoja na jiko, na upande wa pili Baba Joshua alikuwa anasonga ugali wa watu mia nne, amepanda juu ya kigoda, mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Kila akikandamiza, mwanga wetu unaruka. Baba Joshua nilikwenda kumwomba asonge taratibu. Aliniuliza kama nimewahi kusonga ugali taratibu na ukaiva.

Lakini ugali una mwisho. Kilichotushinda ni salamu. Huku kwetu mtu hapiti mlango bila kupiga hodi, na akikaribishwa haketi kabla hajashika mkono wa kila aliyemo na kuuliza habari za nyumbani, za shamba na za mgonjwa. Kila mara bamba lilipokaribia kutulia, "Hodi!" Niliandika mlangoni USIINGIE. Watu wakapiga hodi kuuliza kwa nini wasiingie. Nikaongeza USISALIMIE. Siku mbili baadaye Mkuu aliniita ofisini.

"Mama Happy, mlangoni kwako umeandika nini?"

"Ni kwa ajili ya mtetemo, Mkuu."

"Kata nzima ya Bagara wanasema umehamia dini mpya inayokataza shikamoo. Mama yangu mzazi amenipigia simu."

Nilibandua karatasi.

Tuliiona mistari asubuhi ya siku ya michezo, saa nne, shule nzima iko uwanjani na Baba Joshua bado anasubiri maji yachemke. Mimi na Mwalimu Sulle tulikaa sakafuni, hatuongei, hata kupumua tunapumulia pembeni. Ule wekundu ulianza kupasuka katikati. Ukawa mstari mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi, yote imesimama ukutani imara kabisa. Mimi nikasema, "Yesu wangu," na mistari yote ikakimbia. Tukanyamaza, ikarudi. Mwalimu Sulle alikuwa analia bila sauti ili asiitikise. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata ajira, na sioni aibu kuwaambia.

Furaha ilidumu mpaka unga ulipoingia kwenye sufuria. Hata hivyo kifaa kilianza kupata heshima, kwa sababu mwalimu wa zamu aligundua kwamba mistari ikitulia mchana maana yake ugali umeiva. Alikuwa anachungulia dirishani kwangu, anakwenda kupiga kengele ya chakula. Hakuwahi kukosea.

Wiki mbili kabla ya ziara ya afisa, magunia yakafika. Mkuu alisema yakae maabara kwa muda tu, na neno hilo kwa muda nililijua umri wake. Wazazi waliyapanga juu ya meza zangu zote sita na sakafuni mpaka dirishani. Nilipiga kelele mpaka mzazi mmoja akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Hapakuwa na pa kuweka mashine, kwa hiyo niliwaambia wanaume wanne walibebe bamba na kulitupa juu ya magunia ya maharage, lipate kuliwa na panya mbele ya macho ya Mkuu. Wakaliweka hapo. Ilikuwa hasira, msije mkasema ulikuwa utafiti.

Baada ya siku mbili niliwasha leza ili nimwonyeshe Mwalimu Sulle jinsi tulivyokwisha. Mistari ilikuwa imesimama ukutani, na Baba Joshua alikuwa katikati ya ugali. Alipokandamiza, ilitikisika kidogo, ikarudi mahali pake. Tulitazamana. Tukaitoa mashine, tukaijaribu juu ya mahindi: mahindi yanatambaa siku nzima, hayaaminiki. Mbaazi zilikuwa nzuri, ila wazazi walileta gunia moja tu. Maharage yakishakaliwa siku mbili yanajipanga, yanameza mtetemo wote, hayana habari na mtu. Tukapanga magunia kumi, matano chini na matano juu, mengine tukayarundika nyuma ya chumba, na pimamaji la Mzee Tarmo likakubali. Mkuu alipoona kilichokuja kunifukuza ndicho kimenipa meza, alifanya ishara ya msalaba na kwenda zake.

Tatizo likabaki moja, nalo ni adabu. Mgeni akiingia darasani, wanafunzi wanasimama wote kwa mpigo na kumwamkia. Wamefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, hawafikirii, miguu inasimama yenyewe. Magunia yaliumudu ugali, lakini watu arobaini kusimama pamoja hatua mbili kutoka pale, na stuli zikikwaruza sakafu, ilitaka dakika tano mistari irudi. Afisa alikuwa na dakika kumi kwetu, na katika hizo mbili angezitumia kuulizia choo cha walimu. Tukaamua kuwafundisha wasisimame.

Mwalimu Sulle alitoka nje, akaingia akijifanya afisa. Wakasimama. Akatoka, akaingia, wakasimama. Niliwaambia washike stuli kwa mikono miwili. Wakasimama na stuli. Ilichukua siku nne mpaka wote arobaini wakaweza kumtazama mtu mzima akiingia mlangoni na kubaki wamekaa kimya, macho ukutani. Nilijivunia kazi ile. Sikuona kabisa tulichokuwa tunakifanya.

Siku ilifika. Afisa alikuwa mzee wa makamo, mtulivu, kofia mkononi, Mkuu nyuma yake. Aliingia, akasimama pale ambapo watu husimama kupokea salamu. Kimya. Watoto arobaini wanatazama ukuta. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameshika stuli kwa nguvu na machozi yanamtoka.

"Hamjambo?" akasema.

Kimya.

"Watoto, hamjambo?"

Mimi nilimwamkia kwa midomo tu, bila kutikisika. Hakuniona. Akamgeukia Mkuu.

"Madam, hawa hawasikii?"

"Wanasikia, Mheshimiwa," Mkuu akasema. "Ni sayansi."

"Sayansi gani inamkataza mtoto kumwamkia mtu mzima? Nimeingia madarasa ya mkoa huu mzima. Nimesalimiwa na watoto wenye njaa, wenye malaria, wa chini ya mti. Hapa wanaangalia ukuta." Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Naona magunia yameshafika. Basi fanyeni stoo, mtaniletea barua nisaini."

Akageuka kuondoka. Miezi mitatu, vioo kumi na viwili, na mistari ilikuwa ukutani imetulia kuliko siku zote, naye hakuitupia jicho. Niliona maabara imekwenda. Na niliona pia kwamba yule mzee alikuwa na haki, tumewafundisha watoto wa watu ujinga. Nikasema kwa kinywa kipana, "Simameni! Mwamkieni mgeni!"

Walisimama kama watu waliozuiwa siku nne. Stuli zilianguka. "SHIKAMOO MHESHIMIWA!" Vioo vya dirisha viliitika, na ukutani mistari iliruka, ikachanganyika, ikapotea yote ukabaki wekundu unaochemka. Afisa alisimama mlangoni. Alikuwa ameuona kwa pembe ya jicho.

"Kile nini?"

"Ni shikamoo yako, Mheshimiwa," Mwalimu Sulle akamwambia. Akamweleza mwanga unavyogawanywa, unavyokutana, na kwamba watoto walikatazwa kusimama ili yeye aione mistari imetulia.

"Marahaba," afisa akasema taratibu, macho ukutani, na akaona marahaba yake nayo ikipita. Alingoja. Mistari ilianza kurudi mmoja mmoja. Akawaomba wakae. Akatoka nje, akapiga hodi, akaingia. Wakasimama, wakamwamkia, mistari ikaruka. Alitoka na kuingia mara nane. Dereva wake alikuja kuangalia kama yuko salama. Mara ya tisa aliwaomba wamwamkie kwa mdomo tu, bila heshima moyoni, aone kama kuna tofauti. Watoto walijaribu kwa uaminifu. Akaitazama ile mistari muda mrefu, akasema ipo tofauti kidogo. Mwalimu Sulle alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Kisha alisema jambo ambalo sijalisahau. "Miaka yote hii nasalimiwa kila ninapoingia. Sijawahi kujua inakwenda wapi." Akachukua kitabu cha wageni na kuandika: chumba kibaki maabara, mashine isihamishwe, wala kilicho chini yake kisiguswe, hata punje moja. Akasaini. Mwalimu Sulle alinikumbatia mbele ya wanafunzi, jambo lisilofanyika huku, nao wakapiga makofi mpaka mistari ikapotea tena.

Mmeshaona tatizo liko wapi. Sisi hatukuliona, tulikuwa tunasherehekea. Baba Joshua alipika magunia mengine yote, wiki baada ya wiki, mpaka majuma matatu kabla ya kufunga shule maharage yakawa yamebaki yale kumi tu, chini ya mashine. Mkuu hapindishi agizo lililoandikwa. Alituma barua kuomba ruhusa, haikujibiwa, akatuma nyingine. Watoto walikula ugali na maji ya kabichi. Baba Joshua akaja mlangoni kwangu.

"Mama Happy, nipe gunia moja."

"Nikitoa moja mashine inainama, Baba Joshua."

"Basi toa yote, isimame chini."

"Nikitoa yote maabara inakwenda. Umeona kilichoandikwa."

"Mimi nimeona watoto," akasema, akarudi jikoni kwake.

Nilimkatalia siku tatu. Nawaandikia hili kwa sababu hakuna aliyewahi kunisema, na lilistahili kusemwa. Nilijiambia ni siku chache tu, kabichi ni mboga, sisi tulisoma kwa uji. Siku ya nne Mwalimu Sulle alikuwa anafundisha mada yenyewe, na mistari ilikuwa mizuri ajabu, unaweza kuihesabu kutoka mlangoni. Niligeuka nione wanavyoshangaa. Hakuna aliyekuwa anatazama ukuta. Wote arobaini walikuwa wanatazama magunia.

Nilichukua bisibisi. Nilifungua vioo mimi mwenyewe, nikavifunga kwenye kanga, nikawaita wanaume wanne washushe bamba. Mwalimu Sulle alishika upande mmoja. Gunia la kwanza nililifumua mshono kwa meno kwa sababu mkasi sikuuona. Mchana ule nilikula na wanafunzi, ugali na maharage, nimekaa chini ya dirisha la maabara ambayo nilijua nimeipoteza, na nilikula sahani mbili.

Afisa alikuja wiki ya kufunga shule bila taarifa. Alikuwa amevaa shati la sikukuu. Alipiga hodi, akaingia, akakuta meza sita, bomba linadondosha maji, na mimi nasafisha bika. Mkuu alikuja mbio kutoka ofisini, ameshika futi kamba bila sababu.

"Mashine iko wapi?" akauliza.

"Imeliwa, Mheshimiwa," nikamjibu.

Alivuta stuli, akakaa. "Yote?"

"Magunia kumi. Watoto walikuwa wanakula kabichi. Nimetoa mimi, Mkuu hakuhusika."

"Nilipata barua," akasema, akitazama kofia yake. "Zote mbili. Sikujua nijibu nini." Kisha akamgeukia Madam Basilisa. "Sasa kwenye hiyo stoo mngeweka nini?"

Mkuu alitazama kushoto na kulia. "Kwa sasa, Mheshimiwa, hatuna cha kuweka."

"Basi hiki ni chumba gani?"

Bomba lilidondosha tone. Mkuu akasema, polepole, "Ni maabara, Mheshimiwa."

"Mwandike hivyo." Aliinuka, akavaa kofia, akafika mlangoni, akasimama. Alionekana ana haya. "Mama, na lile jambo la salamu. Nitaweza kuliona tena lini?"

"Njoo baada ya mavuno," nikamwambia. Akatoa kidaftari mfukoni, akaandika.

Amekuja kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka tumepanga magunia kumi, tukayapika kabla kabichi haijaanza. Kwa hiyo mtakaoipokea ratiba ya fizikia, msishangae kukuta mwingiliano wa mawimbi, yaani ile mistari, umeandikwa wiki ya pili baada ya magunia kufika. Msiuhamishe. Na Baba Joshua akija mlangoni, msimwache asimame pale siku tatu.